Pua ya Ayoubu na Taa ya Zambarau

Kabambare, 4 Agosti 2024

Yaya Ayoubu, kaka yangu mkubwa,

Amani iwe nyumbani mwako, kwa wifi Chadia na kwa watoto. Mimi mzima, nimenenepa kidogo, na bado sijaolewa. Nimetangulia kujibu ili usipoteze wino kuuliza.

Nakuandikia kwa sababu mtandao wa huku unakuja na kuondoka upendavyo, na hata ukiwepo wewe hupokei simu ukiwa na kisu mkononi. Tena nina neno refu. Mradi wa mifugo umetuletea sisi wakaguzi wa nyama kifaa kipya, nami nakitumia hapa machinjioni Kabambare tangu mvua zilipokatika. Ukikiona utasema ni tochi nene. Unakielekeza kwenye nyama, unabonyeza, kinatoa mwanga wa zambarau. Nyama nayo inarudisha mwanga wake mwenyewe, mdogo sana, jicho haliuoni. Nyama ya leo inarudisha kidogo tu. Nyama iliyokaa inarudisha mwekundu, na kadiri inavyochacha ndivyo wekundu unavyozidi. Kifaa kinaupima wekundu huo, halafu kinawasha taa ndogo ubavuni: kijani, kula; manjano, pika sasa hivi; nyekundu, fukia. Hakikati nyama, hakiigusi, na jibu linakuja kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Najua umeshaanza kucheka. Wachinjaji wa hapa walicheka pia, na sasa ndio wanaoniita kabla hawajatundika. Juzi mchuuzi mmoja anayewapelekea nyama wachimba dhahabu wa Salamabila aliniapia kwa watoto wake kwamba ng'ombe alichinjwa asubuhi ile ile. Taa ikawaka nyekundu, akaanza kuapa kwa watoto wa jirani.

Sasa wakubwa wa mradi wanataka kukijaribu katika soko la Kasongo. Nimewaambia mikutano ya nini. Mji mzima unaijua pua ya Ayoubu. Baba alikuwa nayo, babu alikuwa nayo, na wewe ukipita kwenye meza ya mtu ukakunja uso, nyama ile hainunuliwi tena. Ukikikubali wewe, soko lote limekubali. Ukikikataa, mimi nirudi kulima mpunga. Wewe ndiye uliyenisomesha mpaka nikavaa koti jeupe, kwa hiyo usiniangushe.

Mdogo wako,
Feza


Kasongo, 13 Agosti 2024

Feza, mtoto wa mama,

Barua yako imefika. Gédéon, huyu kijana wa pikipiki, aliniomba radhi sana kwamba inanuka petroli, eti kidumu kilivujia mfukoni. Nilimwambia haidhuru, maneno yanasomeka.

Kwa hiyo wamekununulia tochi ya kunusia. Vema. Miaka yote ile ya shule, na mimi huku nikiuza mpaka mikia ya mbuzi ili ulipiwe, kumbe tulikuwa tunakitafutia chuma kazi ya pua. Nyumba yetu imechinja tangu enzi za misafara, na hajatokea mtu wa Kasongo aliyeumwa tumbo kwa nyama iliyotoka mezani kwetu. Mwaka jana nilisimama mlangoni tu, nikamwambia Mzee Zuberi, mhazini wa msikiti, kwamba kwenye friji yake kuna kipande cha ini kimesahauliwa. Akakataa, akafungua, akakikuta nyuma ya chupa. Mpaka leo anaisimulia. Tochi yako ingeliona ini la nyuma ya chupa?

Hata hivyo wewe ni ndugu yangu na sitaki uaibike mbele ya wakubwa wako. Nikuulize machache. Hicho kitu kinapiga kelele, au ni taa tu? Mtu aliyesimama ng'ambo ya meza anaiona? Kinaingia katika mfuko wa kanzu? Na mtu asiyekuwa na njia nyingine, tuseme mgeni katika kazi hii, anaweza kukiamini chenyewe peke yake? Nauliza kwa ajili ya hawa vijana wa siku hizi, maana wengi wao hawajui kitu. Ukikituma, kifunge ndani ya kitu kingine. Sitaki maneno sokoni kabla sijakichunguza.

Habari za nyumbani ni njema. Homa ile ya mwezi wa nne imekwisha kabisa, nguvu zimerudi. Wifi yako amepata tabia mpya. Kila asubuhi ananiletea chai mezani na haondoki. Anazunguka, anainua hiki, anasogeza kile pembeni, anasema hiki tukipeleke nyumbani kwanza, mpaka wateja wamemzoea. Mimi namwacha.

Ni mimi kaka yako,
Ayoubu


Kabambare, 21 Agosti 2024

Yaya,

Maswali yako ni ya mwizi wa kuku, lakini nitayajibu. Hakipigi kelele. Kinaingia mfukoni. Ukikiziba kwa kiganja, mteja haoni taa, anadhani unapapasa nyama. Nami nimeshakuelewa: unataka kukitumia kwa siri, uone kama kinakubaliana na pua yako, halafu ama unishangilie ama unicheke mbele ya watu. Haya, jaribu. Siogopi.

Ulilouliza la mwisho ndilo jepesi kuliko yote. Ndiyo, kinaaminika peke yake. Nimekimulikia ng'ombe, mbuzi, kondoo, nyama ya kivulini na ya juani, na hakijanidanganya hata mara moja. Mwambie huyo kijana wako asiyejua kitu afuate taa tu, basi.

Gédéon anakuletea ndani ya mfuko wa mchele. Futa kioo chake kwa kitambaa kikavu. Kinga jua kwa mkono unapomulika. Usikibandike kwenye nyama, acha nafasi ya kidole kimoja. Pima vipande kadhaa, usipime kimoja ukaridhika.

Wifi Chadia na chai yake amenichekesha. Si ni yeye aliyekuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite kwenye nyama? Shauri lako. Kuna mteja mwanamke anayekusifia nyama mpaka anapitiliza, na mwenye mume ameamua kulinda mlango. Muulize, uone atakavyonuna.

Feza


Kasongo, 18 Septemba 2024

Feza mdogo wangu,

Leo nakuandikia nikiwa nimesimama wima. Tochi yako imeniokoa, na imeuokoa mji.

Nimeitumia tangu ilipofika, kwa kiganja kama ulivyosema, na karibu kila kipande kilikuwa kijani. Chadia alikuwepo na chai yake, na alichokisogeza yeye pembeni, tochi nayo ilikitilia manjano. Nikasema moyoni, kitu hiki ni cha kweli.

Ikaja Maulidi. Kamati ya msikiti ilinipa ng'ombe wa karamu nimchinje, kama walivyompa baba kila mwaka. Chadia hakuwepo, alikuwa amekwenda Nyangwe kwenye matanga ya shangazi yake. Nilichinja alfajiri katika ua wa msikiti, nikakata, nikaipaka nyama yote majani mabichi ya kivumbasi yaliyotwangwa, ya kufukuzia nzi, kama tunavyofanya siku za karamu, nikaipanga katika mabeseni. Wapishi wakaja kuchukua. Nikasema ngoja, nipime kwanza. Nyekundu. Nikapima paja jingine. Nyekundu. Beseni baada ya beseni, nyekundu tupu.

Nikuambie ukweli, nilisita. Macho yangu yaliniambia nyama ina rangi nzuri. Vidole vyangu viliniambia ni ngumu, inarudi ukiibonyeza. Lakini wewe uliandika ifuatwe taa, basi. Nikasema huyu ng'ombe alikuwa na ugonjwa ndani usioonekana. Nikawaambia wapishi nyama hii haliwi.

Mzee Zuberi akaja na fimbo yake, akainama juu ya beseni, akavuta pumzi. Akasema, "Ayoubu, hii nyama iko muzima kabisa. Inanuka kivumbasi na damu ya asubui, basi."

Watu wote wakanitazama. Nikamwambia, "Mzee, hapa Kasongo watu wanajua pua ya nani, yako ao yangu?"

Akarudi nyuma na fimbo yake. Hakuna aliyethubutu kusema tena. Tukachimba shimo, tukamwaga petroli juu, tukafukia ng'ombe mzima. Wageni wa Maulidi walikula maharagwe, hata waliotoka vijiji vya mbali. Walinung'unika, lakini hakuna aliyeumwa. Nilipomaliza niliitoa tochi mfukoni, nikaionyesha mbele ya wote, nikasema hii ni kazi ya Feza binti wa nyumba yetu. Waandikie wakubwa wako kwamba Kasongo imekubali.

Chadia amerudi jana. Nilipomsimulia alikaa chini palepale mlangoni. Nadhani ni uchovu wa msiba.

Kaka yako,
Ayoubu


Kabambare, 25 Septemba 2024

Yaya wangu,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri hachachi kabla ya adhuhuri, hata akiwa mgonjwa. Jambo hilo nilijifunza kwa baba kabla sijajifunza shuleni.

Nikanunua mguu wa mbuzi aliyechinjwa mbele ya macho yangu. Nikaukata vipande viwili. Kimoja nikakiacha, kingine nikakipaka kivumbasi cha uani kwa mwenye nyumba wangu. Kilichoachwa kilikuwa kijani. Kilichopakwa kikawaka nyekundu, kama ng'ombe wako. Nikafunga dirisha kwa blanketi, nikamulika majani yenyewe yaliyotwangwa kwenye sahani. Yaya, maji ya jani bichi yanang'aa mekundu kama kaa la moto chini ya mwanga ule. Kifaa hakijui jani ni nini, kinajua wekundu tu. Hapa machinjioni hatupaki kitu, tunatundika, ndiyo maana sikuliona. Lakini mimi nimekua na kinu cha kivumbasi katikati ya miguu yangu kila Maulidi, na sikukumbuka kukuonya. Nilikuandikia kwamba hakijanidanganya hata mara moja, kama mtu aliyepima nyama ya dunia nzima. Kosa hilo ni langu na nitalibeba.

Nyama ya Maulidi ilikuwa nzima. Mzee Zuberi alisema kweli.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nitoke nje. Uliniandikia macho yako yalisema nini. Ukaniandikia vidole vilisema nini. Pua hukuitaja. Wewe, uliyelinusa ini la nyuma ya chupa ukiwa mlangoni, ulisimama juu ya ng'ombe mzima ukangoja taa ikuambie. Na barua yangu ya kwanza ilinuka petroli mpaka Gédéon akaona haya, wewe ukaambiwa na Gédéon.

Hunusi tangu lini, yaya? Ni ile homa ya mwezi wa nne?

Nimelia, nakuambia wazi. Nimelia kwa sababu nilikutania habari za wizi wa kuku, na wewe ulikuwa unaniomba msaada kwa njia pekee uliyoiweza. Na sasa nimeijua chai ya wifi.

Nakuachia uchague mwenyewe. Hapa nimeshasikia kwamba Kasongo wanasema ama mashine ni ya uongo ama Ayoubu ana wazimu. Ukipenda, simama useme mashine ya Feza ni mbovu, ilikudanganya. Hapo nusu yake ni kweli, jina lako litapona, na pua yako itabaki pua ya Ayoubu. Mimi nitanyamaza. Wakubwa watakichukua kifaa, nami nitatafuta kazi nyingine, bado kijana. Lakini ukilisema jambo lote, utalazimika kusema pia kwa nini hukunusa. Hilo sitakusemea mimi, wala sitalidai kwako.

Nakupenda, ukiwa na pua au huna.

Feza


Kasongo, 7 Oktoba 2024

Feza mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nilikaa nayo mfukoni, nikawa naogopa kila aliyenisalimia.

Ni homa ile. Ilipoondoka iliondoka na pua. Mwanzo nilidhani ni mafua. Nikangoja. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umepita, watu wananunua tena, na mimi nasimama mezani nakunja uso kwa kubahatisha. Nilikuwa naogopa, Feza. Mtu akiondoka na nyama yangu silali vizuri mpaka nimwone kesho yake akitembea. Na sikumwambia mtu, hata wifi yako. Ndivyo nilivyodhani.

Niliposoma kwamba unaniruhusu kuisingizia mashine, nakiri nilifurahi. Nikajipanga. Ijumaa baada ya swala nikaomba nafasi ya kusema uani. Nilibeba mguu wa mbuzi wa asubuhi ile, kivumbasi, na tochi. Nilikuwa nimeamua kuonyesha namna inavyodanganyika, basi, niishie hapo.

Nikapaka nusu, nikaacha nusu. Nikamulika, wakaona kijani huku na nyekundu kule. Nikamwomba Mzee Zuberi anuse zote mbili. Akasema zote nzima. Watu wakaanza kusema mashine ya uongo, irudishwe Kabambare. Ilikuwa inakwenda kama nilivyotaka. Ndipo mzee akaniuliza, kwa upole wala si kwa ugomvi, "Na weye Ayoubu, ile siku pua yako ilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa na mafua. Nilishalishika neno hilo mdomoni. Lakini mbele yangu alikuwa mtu niliyemnyamazisha kwa pua ambayo sina, na alikuwa na haki.

Nikasema, "Pua yangu ilikufa mu ile homa ya mwezi wa ine. Sisikie tena harufu ya kitu. Mashine haikukosa peke yake, na mimi nilikosa. Niliwaficha."

 Kisha mzee akaniomba ile tochi, akaigeuzageuza, akasema basi macho haya ya Feza tutayahitaji, maana yake yeye mzee hayaoni vizuri na pua ya Ayoubu imestaafu. Wengine wakacheka, wengine wakaondoka. Wapo waliohamia meza ya ng'ambo, na mmoja ni rafiki yangu. Sikuwalaumu. Ng'ombe wa msikiti nimemlipa kwa ng'ombe wangu mwenyewe, tukala wote Jumapili, wala sikumwona mtu aliyesusa.

Kwa hiyo andika, na safari hii andika vizuri: Kasongo imekubali, kwa masharti yetu. Nyama inapimwa kabla ya kivumbasi. Ikishapakwa, unakata kipande kipya na kupima ule upande mpya wa ndani. Na taa haisimami peke yake, lazima awepo mtu anayenusa. Kwenye meza yetu mtu huyo ni Chadia, tena hadharani, bila birika la chai. Kisu ni changu. Hilo la kisu hata homa haikulichukua, na bado hakuna hapa mjini anayenikaribia.

Anataka kuongeza maneno yake chini. Nimemwachia nafasi ndogo makusudi.

Kaka yako,
Ayoubu


Wifi Feza,

Ameniachia kijinafasi, lakini nitaandika herufi ndogo.

Nilijua tangu siku aliyokaa jikoni maharagwe yakiungua chunguni, harufu imejaa nyumba nzima, yeye akanisifia kwa subira kwamba leo chakula kinapikwa taratibu. Nikangoja aniambie. Hakuniambia, nami nikaona nikimwuliza nitamvunja, nikaanza kupeleka chai. Harufu ya nyama mbichi bado siipendi, usimwambie. Nilijilaumu sana kwa safari ile ya Nyangwe.

Jana alikuwa anatwanga kivumbasi uani. Akasimamisha mchi, akaniuliza kinanukiaje, kwa sababu ameanza kukisahau. Mtu aliyekitwanga tangu utoto. Niliokota jani, nikalinusa.

Nikamwambia kinanukia kama mikono yake siku alipokuja kwetu kuniposa. Akaitazama mikono, akacheka, akaendelea kutwanga.

Chadia